Sura ya Hati katika Uhariri wa Tungo za Kiswahili: Hoja ya Kuchonga Herufi za Chapa Kutokana na Mwandiko wa Muhamadi Kijuma

Utangulizi

Si nadra siku hizi kukutana na jalada la diwani ya Kiswahili, kadi ya arusi au bango la tamasha la utamaduni lililoandikwa kwa herufi za Kirumi zilizopindwa, zikatiwa mikia na nukta zisizo na kazi, ili zionekane kama kwamba ni za Kiarabu. Msanifu wa jalada hukusudia kumpa msomaji harufu ya pwani kabla hajafungua kitabu. Msomaji afunguapo kitabu chenyewe hukuta tungo zilizopigwa chapa kwa herufi za Kirumi za kawaida kabisa, zile zile zinazotumika kuchapia ripoti ya hesabu za benki. Herufi za Kiarabu ambazo mtunzi alizitumia kuandika utungo wake hazimo mahali popote, si jalada wala ndani. Kinachobaki ni kiigizo cha kitu kilichoondolewa.

Makala haya yanadai kwamba hali hiyo si suala la mapambo tu, wala si la kuachiwa wasanifu wa majalada. Ni suala la uhariri wa matini. Kwa muda mrefu taaluma ya fasihi ya Kiswahili imeichukulia sura ya hati kuwa vazi ambalo utungo unaweza kuvuliwa bila kupoteza chochote cha mwili wake. Mtazamo huo ulikuwa na sababu zake wakati ambapo kupiga chapa kwa herufi zenye sura ya mwandiko kulihitaji risasi, mashine na fedha ambazo idara ya chuo kikuu isingeweza kuzipata. Sababu hizo sasa hazipo tena. Linalodaiwa hapa, kwa hiyo, ni kwamba wakati umefika wa kuchonga fonti ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu inayotokana na mkono wa mwandishi mmoja anayejulikana wa pwani, na kwamba mwandishi afaaye kuanza naye ni Muhamadi Kijuma wa Lamu.

Mwandiko kugeuzwa chapa

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba kuugeuza mwandiko wa mtu kuwa herufi za chapa si jambo geni. Mwaka 1501, huko Venice, mchapaji Aldus Manutius alitoa kitabu cha mshairi wa Kirumi Virgil kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kufuata mwandiko wa wasomi na makarani wa Italia wa zama hizo. Herufi za mlazo zinazotumiwa hadi leo kuandikia majina ya vitabu zina asili yake hapo. Watu wengi wanaozitumia hawajui kwamba zilikuwa mkono wa mtu kabla hazijawa amri ya tarakilishi.

Hata hivyo, risasi ilikuwa na mipaka yake. Kila herufi ilikaa juu ya kipande chake cha madini chenye pembe nne, na mkia uliotoka nje ya kipande hicho uliweza kukatika. Mwandiko wa kuunganisha, ambao uzuri wake wote umo katika kupita kwa kalamu kutoka herufi moja hadi nyingine, ulikuwa adui wa madini. Ndiyo maana fonti iitwayo Snell Roundhand, iliyosanifiwa na Matthew Carter katikati ya miaka ya 1960 kutokana na mwandiko wa mwalimu wa hati wa Kiingereza Charles Snell, aliyefariki mwaka 1733, ilingoja uchapaji wa picha. Kwa njia hiyo herufi haikuwa tena kipande cha risasi bali kivuli cha mwanga, na vivuli viwili vinaweza kugusana bila kuvunjika. Mwaka 1998 ilitolewa fonti ya Hermann Zapf iitwayo Zapfino, ambayo ilikwenda mbele zaidi: herufi moja ilipewa maumbo kadhaa, kwa vile mkono wa binadamu hauandiki herufi moja kwa namna ile ile kila inapotokea.

Jambo la kuzingatiwa katika mfano wa Carter ni jina. Fonti ile haikuitwa herufi za Kiingereza. Ilipewa jina la mtu ambaye mkono wake ulifuatwa, na hivyo mwenye kutaka kuhakiki anaweza kurudi kwenye vitabu vya Snell akapima palipofuatwa na palipoachwa. Hoja hii itarejewa.

Mfano ulio karibu zaidi na suala la pwani ni wa Kiurdu. Wasomaji wa Kiurdu wamezoea hati ya nastaliki, ambayo maneno yake huteremka kwa mshazari na ambayo uungaji wake una maumbo mengi mno kuweza kuchongwa kwa risasi. Kwa sababu hiyo magazeti ya Kiurdu yaliendelea kuandikwa kwa mkono na makatibu, ukurasa baada ya ukurasa, kisha yakapigwa chapa kwa njia ya mawe na baadaye ya bamba, wakati ambapo ulimwengu mwingine ulikwisha kusahau kwamba gazeti liliwahi kuandikwa kwa mkono. Mwaka 1981, gazeti la Jang la Lahore lilianza kuchapwa kwa fonti iitwayo Noori Nastaliq, iliyotokana na mkono wa Mirza Ahmad Jamil aliyeandika maelfu ya miungano ya herufi moja moja ili ihifadhiwe katika mashine kwa ushirikiano na kampuni ya Monotype. Alilipa jina la baba yake. Linalovutia katika kisa hiki ni kwamba Wapakistani hawakuukubali ushauri, uliotolewa mara nyingi, wa kuiacha nastaliki na kuchukua naskhi ya Kairo kwa kuwa tu mashine ziliielewa naskhi. Walisubiri mashine ijifunze.

Afrika pia ina mfano wake. Shirika la SIL limetoa fonti iitwayo Alkalami kwa ajili ya maandishi ya herufi za Kiarabu ya eneo la Kano na majirani zake katika Naijeria na Nija, ikifuata hati nene yenye pembe ambayo wasomaji wa Kihausa huitambua mara moja kuwa ni yao. Jina lenyewe, kwa Kihausa, ni kalamu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi.

Pwani na naskhi ya wengine

Ikilinganishwa na hali hiyo, pwani ya Afrika Mashariki haikukosa hati bali imekosa wa kuifuata. Wanaokusudia kuchapisha Kiswahili kwa herufi za Kiarabu leo kwa kawaida huchukua fonti zilizotengenezwa kwa lugha ya Kiarabu. Baadhi ya fonti hizo ni kazi za hali ya juu. Fonti ya Amiri, mathalani, iliyotengenezwa na Khaled Hosny kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Kairo za mwanzoni mwa karne ya 20, ni nzuri kwa kila kipimo. Lakini utendi wa Lamu ukipigwa chapa kwa herufi za Bulaq hupata sura ya kitabu cha sheria cha Misri. Hakuna mhariri wa tungo za Kiingereza cha kale angekubali matini yake ivishwe sura ya mji mwingine namna hiyo bila hata kutaja.

Wala haiwezekani kudai kwamba pwani haikuwa na hati yake. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, ina mapambo na mwandiko unaoitambulisha na kuitenga na misahafu ya Misri, ya Uturuki na ya India. Barua za wafanyabiashara wa Unguja, Kilwa na Mombasa zina mkono wa haraka usio na irabu nyingi. Baadhi yake zilichapishwa Berlin na C. G. Büttner mwaka 1892, na mwaka 1901 Carl Velten alitoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani kuisoma hati hiyo, kwa kuwa serikali ya kikoloni haikuweza kutawala pasipo kusoma barua za waliotawaliwa. Sahifa, karatasi aliyoitoa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui huko Mombasa mwaka 1930, iliandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Katika mwaka huo huo wa 1930 ndipo ilipoanza kazi ile Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili kwa tahajia ya Kirumi katika nchi nne. Mambo hayo mawili hutajwa mara chache katika sentensi moja, pengine kwa sababu historia ya usanifishaji imezoea kusimuliwa kama kwamba nafasi ilikuwa tupu.

Hata nguo zilishiriki. Majina ya kanga hapo awali yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kugeuzwa kuwa ya Kirumi, na herufi kubwa za Kirumi za kanga zimekuwa sasa hati yenye sura yake, inayostahili uchunguzi wake peke yake.

Muhamadi Kijuma

Kwa nini basi Kijuma? Muhamadi bin Abubakari Kijuma alizaliwa Lamu mnamo mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, utendi maarufu wa Fumo Liyongo ulioandikwa mwaka 1913 ni kazi yake. Alikuwa fundi wa kuchonga milango na samani, mwanamuziki, mjuzi wa ngoma, na mwandishi wa hati aliyenakili tungo za watu wengine kwa ajili ya wateja. Miongoni mwa wateja hao walikuwamo wataalamu wa Kizungu: Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Sehemu kubwa ya kile kinachojulikana leo kuhusu ushairi wa kale wa Lamu imepita katika ncha ya kalamu yake. Miswada yake imo katika maktaba ya SOAS huko London na katika hifadhi za Ujerumani, na sehemu ya kazi zake imetolewa katika kitabu cha Gudrun Miehe na Clarissa Vierke cha mwaka 2010.

Mtu aliyeshika tupa na patasi kwa mkono ule ule ulioshika kalamu hakuiona herufi kama alama tu ya sauti. Katika miswada yake ukurasa umepangwa: kuna mstari wa kichwa, kuna nafasi, kuna vitenga vya mapambo kati ya kipande na kipande, na irabu zimetiwa kwa ukamilifu. Mwandiko wake ni wazi, umesalia kwa wingi, na sehemu yake kubwa inajulikana ilinakiliwa kwa ajili ya nani. Sifa hizi tatu ndizo anazozihitaji mchonga fonti. Wingi humwezesha kuona herufi moja katika mazingira yake yote. Uwazi humwezesha kuipima. Na kujulikana kwa mteja humwezesha kuuliza swali gumu zaidi, nalo ni hili: ni kwa kiasi gani Kijuma aliandika kama Wamu walivyoandika, na ni kwa kiasi gani aliandika kama wanunuzi wake walivyotaka?

Swali hilo si la kupuuzwa. Muswada uliotengenezwa kwa ajili ya mtaalamu wa London una sababu zote za kuwa nadhifu kuliko daftari la binti wa Lamu aliyejinakilia Mwana Kupona ausome nyumbani. Kuna watakaosema kwamba, kwa hiyo, mkono wa Kijuma ni mkono wa bidhaa na haufai kuwa kigezo. Hoja hii ina uzito kidogo tu. Mkono wa Snell nao ulikuwa bidhaa. Aliuza vitabu vya kufundishia hati. Mkono wa Jamil ulikuwa wa mtu mwenye kampuni ya uchapaji. Hati nzuri, popote ilipokuwapo, ilikuwa na mnunuzi. La muhimu ni kutoificha habari hiyo, na njia rahisi ya kutoificha ni kuiita fonti kwa jina la Kijuma wala si kuiita ya Waswahili. Jina la mtu linakiri kwamba kulikuwa na mikono mingine. Jina la watu wote lingeifuta mikono hiyo, na mwanafunzi wa baada ya miaka 50 angeamini kwamba hivyo ndivyo walivyoandika Waswahili wote kutoka Barawa hadi Kilwa.

Utendi juu ya ukurasa

Manufaa makubwa ya fonti hiyo yangeonekana kwanza katika utendi. Kila mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani minane, kwamba vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na kwamba kipande cha nne kina kina kinachoendelea kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Katika matoleo mengi ya Kirumi vipande hivyo hupangwa kimoja chini ya kingine, na ubeti huwa kijisanduku cha mistari minne kikifuatwa na kijisanduku kingine. Katika miswada ya pwani aghalabu haikuwa hivyo. Ubeti mzima uliandikwa katika mstari mmoja ulionyooka, vipande vikitengwa kwa alama, kutoka kulia hadi kushoto. Au katika mistari miwili yenye vipande viwili viwili.

Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka mtu aitazame. Ubeti ukiwa mstari mmoja, kina cha kipande cha nne huangukia kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, na beti zikipangwa moja chini ya nyingine kina hicho hushuka kama uzi kutoka juu hadi chini. Jicho hukiona kabla ulimi haujakifikia. Vina vya ndani navyo hujipanga katika safu za katikati. Ukurasa mzima huwa kama mkeka ambao ukindu wake mmoja umetiwa rangi: msokotano wa beti huonekana kwa macho, na mnakili aliyepotewa na kina angejishika mwenyewe papo hapo. Ukipangwa kwa visanduku, uzi huo hukatwa vipande na kutawanywa katika mstari wa nne, wa nane, wa 12 na kuendelea, na mwanafunzi hulazimika kuambiwa na mwalimu kwamba upo. Kuna kizazi kizima cha wahitimu kinachojua kwa kanuni kitu ambacho watangulizi wao walikijua kwa kutazama.

Inaweza kusemwa kwamba mpangilio huo wawezekana hata kwa herufi za Kirumi. Kweli, na baadhi ya wahariri wamejaribu kuziweka beti katika mistari mirefu. Lakini vipande vinne vya mizani minane kwa herufi za Kirumi huujaza ukurasa wa kawaida hata maneno yakakosa pumzi. Herufi za Kiarabu, zikiwa na irabu juu na chini badala ya kando, hubana mizani ile ile katika upana mdogo zaidi, na mwandishi aliweza kuivuta au kuikunja herufi ili kipande kifike mahali pake. Kuvuta huko ndiko kunakoweza kuigwa na fonti za leo, tangu mfumo wa OpenType uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996 ulipowezesha herufi moja kubeba maumbo mengi na kanuni za kuyachagua. Nukta muhimu ni kwamba umbo la hati na umbo la ubeti vilikua pamoja, na mhariri anayekitupa kimoja hana hakika ya kukihifadhi kingine.

Pingamizi zito

Pingamizi la gharama halihitaji maneno mengi. Fonti moja, hata iliyotengenezwa kwa uangalifu, haigharimu zaidi ya mikutano ya kitaaluma inayofanywa kuijadili. Pingamizi la wasomaji wachache nalo hujijibu, kwani wasomaji wa hati hii ni wachache kwa sababu hakuna vitabu, na vitabu havipo kwa sababu wasomaji ni wachache, na lazima mmoja aanze. Wapo pia wasemao kwamba picha za miswada zatosha, hasa baada ya mkusanyo wa SOAS kuwekwa kwenye intaneti. Picha ni ushahidi, na haina badala. Lakini picha haitafutiki neno, haionyeshi uamuzi wa mhariri, na haimpi mwanafunzi zoezi la kuandika.

Pingamizi lililo zito ni jingine, nalo latoka kwa watu wanaoijua miswada vizuri. Wao husema kwamba fonti itaidanganya matini. Yajulikana kuwa hati ya kale ya Kiswahili haikutenga sauti zote. Kasra ilisimama mahali pa i na e, dhumma mahali pa u na o. Herufi be iliweza kuwa b, p au mb. Herufi ghaini ilibeba gh, g na hata ng. Neno lenye kafu na be, ya kwanza ikiwa na dhumma na ya pili fatha, laweza kusomeka kuba, kupa, kumba, koba, kopa au komba, na aliyeamua alikuwa msomaji mwenyewe, akiongozwa na maana, mizani na vina. Mtu asiyejua alifu kwa kijiti angepotea. Mtu aliyelelewa na utungo masikioni hakupotea. Sasa, fonti ya kisasa huja na nukta za ziada za p, ch, v na g, na alama za kutenga e na i. Mhariri atazitumia, kwa kuwa zipo. Na ukurasa utakaotoka, ukiwa na sura ya mkono wa Kijuma, utaapa kwamba Kijuma ndiye aliyeandika pe pale ambapo aliandika be.

Hatari hii ni ya kweli, na uzuri wa fonti huizidisha. Herufi mbaya ya mashine humkumbusha msomaji kwamba kuna mashine kati yake na mwandishi. Herufi nzuri yenye sura ya mkono humsahaulisha. Hapa ndipo wanaozipenda fonti za mwandiko kwa ajili ya urembo wanapokosea zaidi ya wanaozipuuza.

Hata hivyo, dawa yake si kuiacha kazi. Matoleo ya Kirumi yamefanya kosa lile lile kwa muda mrefu zaidi, na bila kulaumiwa. Hichens alipoichapa Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940, kila shaka ya hati ilikuwa imekwisha kuamuliwa na kuzikwa chini ya herufi za Kirumi zisizo na shaka yoyote. Vivyo hivyo katika tungo za lahaja ya Lamu alizozitoa Dammann mwaka huo huo huko Hamburg. Msomaji wa matoleo hayo hawezi kujua pa kutilia mashaka. Fonti ya herufi za Kiarabu yaweza angalau kutengenezwa kwa tabaka mbili: tabaka la herufi kama zilivyo katika muswada, na tabaka la alama za mhariri, zenye wino mwingine au uzito mwingine, ambazo zaweza kuondolewa kwa amri moja. Hapo msomaji huona be ya mnakili na papo hapo huona kwamba mhariri ameisoma pe. Herufi za Kirumi haziwezi kufanya hivyo, kwa sababu ndani yake ni lazima kuchagua kabla ya kuandika.

Suala la alama zenyewe lisichukuliwe kuwa halijafikiriwa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890 na ambaye bila yeye W. E. Taylor asingezipata wala kuzielewa tungo nyingi za Muyaka, alikuwa na namna yake ya kutenga sauti za Kimvita kwa herufi za Kiarabu. Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl waliipitia historia ya uandishi huo na kutoa mapendekezo yao katika jarida la Royal Asiatic Society mwaka 1997. Baadaye Kevin Donnelly alitengeneza programu iitwayo Andika! inayowezesha maandishi ya Kiswahili kupita kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kirumi na kurudi. Kwa maneno mengine, swali la alama gani zitumike lina majibu ya kuchagua. Lisilo na jibu ni swali la alama hizo ziwe na sura gani zikaapo juu ya herufi za Lamu: zikae wapi, ziwe na ukubwa gani, zisigongane vipi na dhumma. Mwanaisimu hawezi kulijibu peke yake, wala msanifu, wala mwalimu wa chuo cha Kurani. Na kwa bahati mbaya watatu hao hawana mahali wanapokutana.

Pa kuanzia

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ulioanzishwa kwa juhudi za J. W. T. Allen, ambao orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Si mkusanyo wa Kijuma peke yake, na hilo ndilo linaloufanya kuwa wa manufaa kwa kazi hii: mkono wa Kijuma waweza kupimwa kwa kulinganishwa na mikono ya wanakili wasiokuwa na mteja wa Kizungu. Kazi ya namna hiyo yafaa kabisa kuwa tasnifu ya uzamili. Mwanafunzi angechukua tendi chache zilizonakiliwa na Kijuma na tendi zile zile au za jinsi yake zilizonakiliwa na wengine, akahesabu maumbo ya kila herufi mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, akapima upana wa ncha ya kalamu na mwinamo wake, akaonyesha ni wapi mnakili amevuta na ni wapi amekunja ili kipande kitoshe. Takwimu hizo hazijakusanywa kwa utaratibu, na mchonga fonti hawezi kufanya lolote la maana bila ya hizo, isipokuwa kubahatisha uzuri.

Tatizo ni kwamba mwanafunzi huyo lazima awe anasoma hati. Allen alitoa mwongozo wa herufi za Kiarabu kwa wanafunzi wa Kiswahili mwaka 1945, na Velten, kama ilivyotajwa, miaka 44 kabla yake. Wote wawili walikuwa na wageni akilini. Leo mwanafunzi anaweza kupata shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, akaandika kurasa 200 juu ya tendi za karne ya 19, bila kutakiwa hata siku moja kuusoma ukurasa mmoja wa utendi katika hati ulimoandikwa. Kozi ya muhula mmoja ingetosha kwa kuanzia, saa mbili kwa wiki, muswada mmoja mbele ya kila mwanafunzi na kalamu ya mwanzi mkononi, kwa kuwa pembe ya ncha haieleweki na mtu ambaye hajawahi kuikata.